Kitufe cha Kuondoa Pumzi

Kipaza alikuwa mtu wa kuonja. Hanunui mafuta ya nywele mpaka ayapake kwanza nyuma ya sikio lake, hanunui kitana mpaka akipitishe kichwani mwa mtu palepale dukani, na wenye maduka walishamzoea, wanamwachia tu. Hilo jina alipewa utotoni, kwa kuwa akimwita mtu jikoni anaitika jirani. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mumewe: viti viwili, kioo chenye ufa alioufunika kwa picha ya ua, na draya ya kusimama yenye kofia kubwa. Na humo chini ya draya ndimo watu walimotoa ya moyoni. Mtu akishaingiza kichwa mle haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, basi anaipaza, na akishapaza sauti anasema kweli tupu. Mitaa yote ya karibu ilijua nani kagombana na nani, na haikujua kwa umbea. Ilijua kwa sababu ya draya.

Basi siku moja mteja mmoja, karani wa posta, alimwambia kwamba maneno yanayosemwa humu yangerekodiwa, watu wangesikiliza mpaka ng'ambo. Akamwekea podikasti moja kwenye simu asikilize. Kipaza akasikiliza watu wawili wakibishana kuhusu mpira, akauliza kama ndiyo hiyo tu. Karani akasema ndiyo hiyo tu. Kipaza akasema hao hawajui kuongea, ngoja waone.

Akaipa jina kabla hajawa na kitu: Chini ya Draya. Angewahoji watu wa kazi za mikono, mmoja mmoja, wasimulie maisha yao. Na wa kwanza angekuwa kaka yake.

Huyo kaka ndiye pekee aliyembakia katika tumbo lao. Alikuwa seremala, watu walimwita Fundi Randa, na milango ya nyumba nyingi pale ilipita mikononi mwake. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kifuani. Hawezi kuanza sentensi bila kuvuta pumzi, na akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi, halafu ndipo neno linatoka, limepanda juu ya pumzi hiyohiyo. Waliomzoea hawakuisikia tena ile filimbi. Wageni walidhani kuna birika linachemka mahali.

Randa alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Walimwita Maranda, kwa kuwa alikulia kwenye maranda, yale mabaki yanayojikunja mbao ikipigwa randa. Alikuwa akiyaning'iniza masikioni anasema ni hereni. Alipokua akapata kazi mji wa mbali, safari ya kuondoka asubuhi na kufika jioni. Kisha mama yake akafa. Akazikwa siku hiyohiyo jua likishuka, na Maranda hakuonekana. Alifika kesho yake, kaburi limeshafukiwa. Randa alimkuta getini akamuuliza amekuja kufanya nini. Binti akamtazama baba yake kwa macho makavu, akageuka na mkoba wake akaondoka. Kipaza aliyaona yote dirishani, na mpaka anakimbilia nje hakuna mtu.

Toka hapo ikawa kimya, mwaka baada ya mwaka. Kipaza hakuacha kuhangaika. Akimgusia kaka yake, jibu lilikuwa: kamuulize alichomfanyia mama yake. Akimpigia Maranda, jibu lilikuwa: shangazi, kamuulize kaka yako alichonifanyia mimi. Kipaza akaona ni ukaidi mtupu, mtoto wa nyoka ni nyoka, wote wawili wamezaliwa na shingo ngumu. Lakini moyo ulimuuma. Kaka alikuwa akizeeka, kifua kinazidi, na mtu wa kumfumba macho hayupo. Hata hilo wazo la podikasti, tuseme ukweli, nusu yake lilikuwa hilo. Alijua Maranda atasikiliza, hata kwa kujificha. Alitaka mtoto asikie sauti ya baba yake.

Basi akaanza kutafuta vifaa, na hapo Bwana Waya akakiona cha moto. Bwana Waya alikuwa fundi wa kompyuta mwenye duka ng'ambo ya barabara, mpole, siku zote ana waya shingoni kama daktari. Kipaza aliibeba kila maiki akaijaribie saluni. Ya kwanza, ya kubana kolani, ilileta draya tu. Mteja alisikika kama amefungiwa ndani ya gunia. Ya pili ilikuwa na masikio makali mno, ilinasa hadi tumbo la Bwana Waya likinguruma, naye akakana mchana kweupe, akasema si lake. Ya tatu ikasikia kilicho mbele yake, ikaacha ya watu. Hiyo ndiyo, akasema Kipaza.

Programu za kuhariri sauti ndizo zilizomchosha. Moja ilikuwa ya bure, lakini ukiifungua unakutana na vitufe vingi kuliko nywele za kichwa. Nyingine ilijigamba inaandika yenyewe kila neno linalosemwa. Akaisemea Kiswahili safi, ikamwandikia maneno ya mtu mwenye homa. Akaifuta hapohapo. Nyingine ilikuwa nzuri, ya kwenye simu, ila kila akitaka kukata mahali linaruka tangazo la magodoro. Bwana Waya alikwisha kata tamaa alipomwonyesha ya mwisho. Ilikuwa na kitufe kilichoandikwa kwa lugha ya wenyewe, akamtafsiria: Ondoa Pumzi. Unakibonyeza, inatoka alama ya kusogeza kutoka kidogo hadi nyingi, na mashine inafagia kila mhemo uliomo.

Kipaza akaenda karakana kumrekodi kaka yake kwa majaribio. Akamwambia aseme lolote. Randa akavuta pumzi, filimbi ikalia, akasema: "Mimi ni fundi, nachonga milango na madirisha." Kipaza akarudi, akabonyeza, akasogeza alama hadi mwisho. Filimbi ikapotea. Sauti ikabaki imenyooka, ya kaka yake wa ujanani kabisa, na Kipaza macho yakamlenga machozi.

"Dada, hicho kitu ni kama chumvi," Bwana Waya alimwambia. "Tia kidogo."

Kidogo cha nini, na yeye ameshaonja? Alikuwa ameonja kweli. Ila katika maneno yale hapakuwa na *ha* hata moja, na nani angefikiria jambo la namna hiyo?

Mahojiano yalikuwa matamu. Randa alikaa juu ya benchi lake la kazi, miguu inaning'inia, akasimulia mbao zinavyodanganya, mlango unavyovimba masika na kumfungia mwenye nyumba nje, na bwana harusi aliyeagiza kitanda kisicholia, kisha akarudi kulalamika kwamba sasa anayelia ni mke. Kipaza alicheka mpaka akaibana maiki kwapani. Halafu, mwishoni kabisa, akaona sasa au basi. Akamuuliza: na binti yako je?

Randa akapangusa vumbi la benchi kwa kiganja. Kisha kifua kikapiga filimbi ndefu.

"Hatarudi hapa," akasema. Akavuta pumzi tena. "Hatanizika."

Mwenzangu, kuna maneno mtu hayasemi juu ya damu yake. Ukisema mwanangu mvivu, sawa. Ukisema simpi kitu, sawa. Lakini hatanizika? Kipaza akaishusha maiki. Akasema hayo atayatoa, wakubwa walisema mwana akinyea kiganja hakikatwi, na kujikwaa kidole ni heri kuliko kujikwaa ulimi. Randa akamjibu taratibu kwamba akikata hata neno moja la kwake, basi asimhesabu tena kuwa ndugu.

Akafanyaje? Alirudi saluni, akasafisha sauti kwenye kompyuta, alama akaisogeza hadi mwisho kama alivyokwisha jaribu. Akasikiliza tangu mwanzo. Mara mbili tatu alimsikia kaka yake akisema *aya* badala ya *haya*, na *apo* badala ya *hapo*, akadhani ni lile pengo la meno ya mbele. Alipofika kwenye swali lake mwenyewe la mwisho akavua vile vidude vya masikioni vya kusikilizia. Yale hakutaka kuyasikia tena. Neno hakukata hata moja, kama alivyoagizwa. Akaiachia hewani, akainama akalia kidogo, halafu akaenda kumsuka mtu.

Kilichofuata hakukielewa. Karani wa posta alikuja asubuhi akamkumbatia mlangoni. Muuza magazeti akasema amemsikiliza Fundi Randa hadi mwisho na mwili umemsisimka, baba ni baba. Kipaza akajiuliza hawa watu wana roho gani, mtu anamkana mwanawe wao wanapongeza. Kule karakana nako wateja waliingia mmoja mmoja kumshika Randa mkono, wanamwambia amefanya la maana. Randa, ambaye hakuwa na simu ya kusikilizia hayo mambo, alidhani wanasifu hadithi ya kitanda.

Kisha simu ya Kipaza ikalia, na aliyepiga alikuwa Maranda. Maranda hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa wa kupigiwa. Sauti yake ilikuwa imekatika kwa kilio.

"Shangazi, nimesikia alichosema baba," akasema. "Niko stendi. Nakuja."

Simu ikakatika. Kipaza alikuwa na nywele za mteja mkononi, nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Anakuja kufanya nini, mtoto huyu, baada ya kuambiwa vile? Kuja kutukana? Kuja kujiua mbele ya baba yake? Akamwomba mteja radhi, akavaa vile vya masikioni, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa kipindi. Akajisikia anauliza: na binti yako je? Kimya kidogo. Halafu sauti ya kaka yake, imenyooka, haina filimbi, tulivu kabisa:

"Atarudi hapa. Atanizika."

Kipaza alipiga yowe. Mteja akaruka kitini na nywele zake za nusu.

Alirudia. Atarudi. Atanizika. Akafungua ile rekodi ya kwanza, chafu, yenye filimbi zake zote, na humo maneno yalikuwa yaleyale ya karakana: hatarudi, hatanizika. Akamwita Bwana Waya kwa sauti yake ya utotoni, naye akavuka barabara mbio bila kutazama magari. Akasikiliza hii, akasikiliza ile, akavua miwani. Akaeleza polepole kwamba herufi ile ya mwanzo, *h*, ni pumzi tu, dada, haina kingine. Mashine iliambiwa ifagie pumzi zote, na yenyewe haijui ipi ya kifua na ipi ya neno. Fundi anavuta pumzi, na *ha* inakuja juu yake. Imekwenda na vumbi.

Herufi moja, jamani. Wapo watu wanaimeza kila siku na hakuna aliyepata madhara zaidi ya kuchekwa. Na sasa mtoto yuko ndani ya basi kwa sababu yake, anakwenda kupokelewa na baba ambaye hakumwita.

Kipaza alimpigia Maranda, simu haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Jua lilikuwa linashuka alipoikunja kompyuta akaiweka kwapani na kwenda karakana, anajisemea njia nzima kama mwendawazimu. Mtu wa kuambiwa kwanza alikuwa kaka, kabla mtoto hajafika akafukuzwa mara ya pili. Mtu akifukuzwa mara mbili harudi tena.

Alimkuta anafagia. Hakumsalimu hata. Alimvalisha vile vya masikioni, akamwekea. Randa alisikiliza kwa tabasamu la mtu anayejisikia kwa mara ya kwanza, halafu tabasamu likazimika. Ufagio ukamtoka mkononi.

"Nani amesema hivyo?"

"Wewe."

"Mimi sikusema hivyo."

Kipaza akamwekea ile nyingine, yenye filimbi. Randa akajisikia anasema alichosema, na hapo Kipaza akaona kitu ambacho hakukitegemea: kaka yake alikunja uso kama mtu aliyepigwa. Kumbe yale maneno alikuwa anayasema tu. Hakuwahi kuyasikia. Akaomba arudishiwe ile ya kwanza, akaisikiliza tena, akaomba tena. Kisha akasema kwa hasira kwamba alimkataza kukata. Kipaza akamjibu hakukata neno, ilikatika herufi, na mwanao yuko njiani. Randa akataka binti aambiwe ukweli palepale. Kipaza akasema simu haipatikani. Wakabaki wanatazamana, wazee wawili, kama watoto waliovunja kioo cha watu.

Maranda aliwakuta hivyohivyo. Alisimama kwenye mlango wa karakana na mkoba uleule, amekonda kidogo, mvi moja moja zimeanza mbele. Randa akafungua mdomo kutafuta pa kuanzia. Binti akamwahi.

"Baba, nimekusamehe," alisema.

Hebu fikiria. Mtu anayesubiri kuombwa msamaha, anaambiwa amesamehewa. Kipaza mwenyewe alihisi masikio yanamlia. Randa akageuka kumtazama dada yake, kama kwamba hiyo nayo ni kazi ya mashine.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa kunidanganya siku ya kumzika mama."

Randa akaruka kama aliyekanyaga msumari. Amdanganye nani? Alimpelekea habari asubuhi na mapema, kwa simu ya marehemu, akarekodi kwa sauti yake mwenyewe kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka haviwezi kuandika. Alipomaliza tu akaizima ile simu akaifungia kabatini, hakuweza kuitazama. Maranda akasema ndiyo, habari aliipata, anayo mpaka leo. Na alimjibu kwa simu hiyohiyo ya mama, akamwambia atafika kesho yake. Akafika kesho yake, akakuta baba amekwisha zika. Miaka yote hiyo aliamini baba yake alifanya makusudi ili asimwone mama yake, kwa ajili ya ugomvi wao wa zamani, kwamba baba hakutaka aende kufanya kazi mbali. Na jambo hilo alimwambia nani? Utamwambia nani kwamba baba yako amekuibia maziko ya mama?

Akatoa simu, akaigusa. Karakana ikajaa filimbi ya Randa, ile ya siku ile, mbaya kuliko zote, kifua kimebanwa na kilio.

Filimbi. "Maranda, mama yako ametutoka." Filimbi. "Hatazikwa leo." Filimbi. "Njoo."

Randa alikuwa amefumbua macho makubwa. Akasema hapana, hapana, yeye alisema atazikwa leo. Atazikwa leo, njoo. Angesema vipi *njoo* kama hazikwi? Maranda akarudisha, na simu ikasema vilevile: hatazikwa leo. Akarudisha tena. Kadiri walivyosikiliza ndivyo ile *ha* ilivyozidi kuwa kubwa, na Randa akaanza kujishika kifua, anakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Ni Kipaza aliyetambua. Alimwomba Maranda amtumie ile sauti, akaiingiza kwenye programu yake, akakitafuta kile kitufe. Bwana Waya alisema kidogo. Safari hii akasogeza alama kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Akabonyeza.

"Maranda, mama yako ametutoka. Atazikwa leo. Njoo."

Maranda alikaa chini palepale, kwenye maranda. Hakulia. Alisema tu "Atazikwa leo" kwa sauti ndogo, mara moja, kama anajifunza kusoma. Kipaza ndiye aliyelia kwa wote, na kwa sauti yake ile mtaa mzima ukajua kuna jambo kwa Randa. Kifua kilimpa mtu *ha* asiyoitaka siku ile, na mashine ikaja kuichukua, imechelewa miaka yote hiyo. Na wao watatu, wenye masikio, wenye midomo, hakuna aliyeuliza swali moja la kueleweka.

Randa akajivuta hadi alipo binti yake. Kushuka chini kulimpa taabu, akashika benchi, akashuka hivyohivyo, akakaa. Kifua kilikuwa kinalia vibaya. Maranda akamwinulia uso, na Kipaza akaona sasa atasema kitu, akajikuta anaomba moyoni asiseme, si kwa pumzi ile, wasije wakasikia vingine tena.

Naye Randa alikuwa ameliona hilohilo. Alinyanyua kiganja, angojewe. Filimbi ikalia, ikapungua, ikalia tena. Aliiacha. Akafumba macho akaisubiri ishuke yote, mpaka kifua kikanyamaza kabisa na karakana ikawa kimya.

"Utanizika," akasema.

"Nimesikia, baba," Maranda akajibu.